Ndoana ya Nne

Baruti haipigwi mpaka ubao uwe mtupu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya machimbo yale ya mawe, na hapakuwa na mtu, tangu meneja hadi mpishi, aliyehitaji kusomewa. Ubao wenyewe ulikuwa umegongomewa langoni, umepakwa rangi nyekundu, una ndoana sitini. Aliyefika wa kwanza asubuhi alitundika kibati chake kwenye ndoana ya kwanza na jina lake likaandikwa kwa chaki chini yake. Wa pili ya pili. Wa tatu ya tatu. Alipopanda kutoka shimoni alikiondoa kibati kwa mkono wake mwenyewe. Kibati kikibaki, mtu amebaki, na Fundi Baruti haigusi waya yake.

Sheria ilikuwa na mkia. Yeyote aliyesababisha mlipuko usimamishwe kwa uzembe wake aliwatekea wenzake maji ya kunywa siku saba za kazi, na jina lake likaandikwa chini ya ndoana ya sitini mpaka amalize. Mtoboaji mmoja aliwahi kusahau kibati akaenda zake kuposa. Alibeba madumu juma zima akiwa na viatu vyake vya uchumba, maana vingine alikuwa ameviacha ukweni, na hadi leo jina lake pale machimboni ni Mchumba.

Aliyeutunza ubao huo kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwanamke wa makamo, karani wa vibati, ambaye wafanyakazi walimwita Bi Karani. Fundi Baruti alikuwa mjomba wake, ndugu wa tumbo moja na mama yake. Ndiye aliyemwombea kazi, na kwa sababu hiyo hakumsamehe kosa hata moja. Na shimoni alikuwamo shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, fundi wa pampu za maji, ambaye miaka mingi ya kutoboa mwamba ilikuwa imemla masikio yote mawili. Kwa kuwa hakujisikia, alizungumza kwa kupaza sauti, hata salamu yake ilikuwa kama ugomvi. Walimwita Radi.

Radi hakusikia ving'ora. Mara tatu kibati chake kilikutwa kikining'inia baada ya king'ora cha kwanza, na mara tatu mtu alitumwa kwenye kibanda cha pampu, nyuma ya kona ya mwamba ambako jicho la mlipuaji halifiki, akamgusa bega.

"Kibati changu ndicho sikio langu," alikuwa akisema, na shimo zima likasikia.

Mambo yalianza kugeuka siku mvua ilipopiga ubaoni na kuyayeyusha majina. Walikaa saa mbili wakihesabiana kama kondoo. Kesho yake meneja alimwita Bi Karani, akasema kwamba mahali pengine hesabu hiyo hufanywa kwa simu, na kwamba machimbo yangemlipia karo mtu wa humo humo akajifunze, kuliko kumleta mgeni asiyelijua shimo.

"Nitakwenda mimi," alisema Bi Karani, kabla hajapata muda wa kuogopa.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati, kila Jumamosi asubuhi. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, naye aliwazidi wote umri. Mwalimu alikuwa mzee mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyeanza maisha kwa kutengeneza mashine za chapa, akahamia simu, kisha akahamia yale yaliyomo ndani ya simu. Aliwafundisha kuunda hifadhidata: daftari lililogawanywa majedwali, jedwali lililogawanywa mistari, na kila mstari una ufunguo wake. Bi Karani, ambaye mikono yake ilikuwa imechora mistari kwa rula miaka kumi na tisa, alielewa upesi kuliko vijana.

"Kumbe hifadhidata ni daftari lisilochoka," alisema siku moja.

"Ni daftari lisilo na haya," alijibu Mwalimu. "Ukilidanganya, litauandika uongo wako kwa mwandiko mzuri."

Jumamosi ya tano Bi Karani alimwonyesha Mwalimu kazi yake. Ilikuwa programu ndogo ya simu: mlinzi anagusa jina la anayeshuka, simu inampa nambari ya ndoana kwa zamu ya kufika, moja, mbili, tatu; akipanda, mlinzi anagusa tena, na mstari unaandikwa "ametoka". Mtandao ukikatika, jambo la kila saa pale machimboni, simu inaandika kimya kimya. Ukirudi, inaoanisha habari zake na kishikwambi, kile kioo kipana kilichokuwa mezani ofisini. Mwalimu aliipindua ile simu mkononi kwa muda mrefu.

"Ufunguo wa mstari ni nambari ya ndoana?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ndivyo tulivyozoea. Wa nne ni wa nne."

"Kwa simu moja, sawa. Simu moja ni ubao mmoja, na ubao mmoja una ndoana ya nne moja tu. Lakini nisikilize, mama. Siku utakapoongeza simu ya pili, usiiwashe kabla hujaja kwangu. Andika."

Aliandika katika daftari lake la mazoezi, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Kwa majuma matatu simu na ubao vilifanya kazi bega kwa bega, na havikupishana hata mara moja. Fundi Baruti alitazama ubao, hakutazama simu. Radi alifurahi kuona jina lake likiwaka.

"Shemeji!" alinguruma. "Sasa sikio langu umelitia ndani ya hicho kidude. Ulisafishe kila siku!"

"Masikio yako yakisafishwa, shemeji, si utasikia tunayokusema?"

"Eti nini?"

"Hakuna kitu."

Siku ya Alhamisi, mvua kubwa iliukata mteremko wa lango la juu, na magari ya mizigo hayakuweza kupita. Meneja akaamuru lango la chini, lililokuwa limefungwa kwa miaka, lifunguliwe kwa magari na wapakiaji, na watoboaji waendelee kushuka kwa miguu kutoka juu. Malango yakawa mawili.

"Ubao mmoja haukai malango mawili," meneja alimwambia Bi Karani alasiri ile. "Tia programu yako kwenye simu ya pili, ubao uushushe. Kesho kuna mlipuko."

Alikuwa na nafasi ya kusema, "Nipe hadi Jumamosi." Neno lilifika mdomoni. Lakini meneja alikuwa amemsifu mbele ya mafundi, na sifa ni kama pombe, mnywaji ndiye wa mwisho kujua amelewa. Alijiambia kuwa programu ni ile ile, simu ni aina ile ile, na kwamba walimu hupenda kutegemewa. Aliijaribu simu ya pili kwa jina moja, ikafanya kazi. Akaushusha ubao kwa mikono yake, akausimamisha nyuma ya mlango wa ofisi, uso ukitazama ukuta.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana, king'ora cha kwanza kililia: wote watoke. Bi Karani alikaa mbele ya kishikwambi na kuitazama nambari iliyokuwa katikati ya kioo. Waliomo: kumi na tisa. Mtandao ukakatika, nambari ikaganda. Ukarudi: kumi na mmoja. Sita. Wawili. Ikasimama kwenye mbili kwa muda. Kisha, bila sauti yoyote, ikawa sifuri.

Alingoja dakika mbili zaidi. Sifuri haikutikisika. Alichukua karatasi, akaandika "Shimo tupu", akatia saini na saa.

Fundi Baruti aliipokea mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kovu jeupe kwenye kidevu, na alisoma yale maneno mawili kana kwamba ni ukurasa mzima.

"Umeona kwa macho?"

"Nimeona kwenye kioo, mjomba."

"Mimi sijakuuliza kioo."

"Malango yote mawili yamefunga hesabu. Saini yangu hiyo."

"Haya. Saini yako." Aliikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akapanda njia ya kwenda kwenye kibanda chake cha kulipulia, hatua mia mbili juu ya ofisi. Alipofika alizima simu na redio yake ya mawasiliano, maana mawimbi yake yaweza kuamsha fataki zilizokwisha kuunganishwa na waya. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Kuanzia hapo hapakuwa na njia ya kumwambia neno isipokuwa kwa miguu.

King'ora cha pili kikalia. Kati ya cha pili na cha tatu kulikuwa na dakika tano.

Mlinzi wa lango la juu, askari mstaafu aliyevaa kofia yake kwa kuipima na vidole, aliingia ofisini kurudisha simu. Aliiweka mezani kwa adabu.

"Kidude chako hiki kina akili, Bi Karani. Ubao ungetuchelewesha."

"Kwa nini?"

"Hapo nilikuwa na mtu mmoja bado. Namba nne. Nikangoja, nikangoja, simwoni. Nikasema ngoja nipige simu ofisini. Mtandao ukarudi, nikatazama, nikakuta ameshatoka. Imejiandika yenyewe." Alicheka kidogo. "Nikajua katokea lango la chini."

Bi Karani hakucheka. Katika miezi ile alikuwa amejifunza mengi, na la kwanza lilikuwa hili, kwamba mstari haujiandiki wenyewe.

"Namba nne wako alikuwa nani?"

"Sikumbuki. Walipita alfajiri kwa mkupuo. Si jina limo humo?"

Aliifungua simu. Ndoana ya nne, lango la juu: jina la dereva wa gari la mizigo. Ametoka, saa sita na dakika arobaini.

"Huyu kapita kwako?"

"Dereva? Dereva atashukaje kwa miguu na gari kichwani? Huyo ni wa chini."

Bi Karani alikivuta kishikwambi karibu. Akautazama tena ukurasa wa hesabu. Walioingia leo: thelathini na wanne.

"Kwako wameingia wangapi?"

"Thelathini na wanne. Hao nakumbuka, maana nilihesabu na helmeti."

"Na chini?"

"Dada wa Mizani kasema tisa."

Thelathini na nne na tisa ni arobaini na tatu. Mtoto wa darasa la pili angeijumlisha. Lakini programu haikuwa imejumlisha, ilikuwa imefunika. Simu mbili zisizoonana zilikuwa zimehesabu kila moja kuanzia moja, na zilipokutana ofisini, kishikwambi kiliona funguo mbili zinazofanana, kikadhani ni mstari mmoja, kikalifuta jina la kwanza na kuandika la pili juu yake. Watu tisa wa kwanza wa lango la juu hawakuwamo tena katika kitabu. Mmoja wao hakuwa ametoka. Naye alikuwa amemtilia saini.

Alitazama saa ya ukutani. Dakika mbili na nusu zilikuwa zimekwenda.

Alikimbia. Alikuwa mwanamke mzito, na njia ilikuwa ya kokoto zinazoteleza, na kila hatua mbili za mbele zilimrudisha nusu. Kiatu cha kushoto kilimtoka akakiacha. Alipiga kelele, na upepo uliotoka shimoni ulizirudisha kelele zake kinywani. Kwenye hatua ya mia moja na kitu king'ora cha tatu kilianza, kwanza kwa mguno, kisha kikapanda, maana mjomba wake alikuwa akikizungusha kwa mkono. Kikisha kulia, mlipuaji huhesabu thelathini. Ilikuwa desturi yake kuhesabu kwa sauti.

Alimsikia kabla hajamwona. Kumi na saba. Kumi na nane. Sauti ile haikuharakisha wala kukawia. Ishirini na moja. Alishika nguzo ya kibanda, akajisukuma ndani, akakiweka kiganja chake juu ya mkono uliokuwa juu ya kisanduku cha kulipulia.

"Mjomba. Yumo mtu."

Fundi Baruti hakuuliza. Alichomoa ufunguo wa kisanduku, akautia mfukoni, akatenganisha waya mbili na kuzisokota ncha zake pamoja. Ndipo alipogeuka.

"Nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Walikuwa nambari nne wawili. Mmoja katoka. Wa pili programu imemfuta. Imewafuta tisa, mjomba, siwezi kujua ni nani."

Meneja alifika akihema, kishikwambi mkononi, mlinzi wa lango la juu nyuma yake na kiatu cha Bi Karani.

"Kuna nini? Hapa inasema sifuri. Kioo kinasema sifuri."

Palikuwa na mlango mwembamba pale, na mtu angeweza kupenya. Angeweza kusema mtandao umeharibu. Angeweza kusema mlinzi amekosea, na mlinzi, ambaye hakujua lolote kuhusu funguo na mistari, angekubali. Mjomba wake alimtazama kama alivyomtazama alipokuwa binti wa miaka minane, kikombe kimevunjika sakafuni na paka amepita.

"Kioo nimekitengeneza mimi," alisema. "Kinasema uongo niliokifundisha."

"Sawasawa," alisema Fundi Baruti. "Twende tukahesabu vichwa."

Wafanyakazi walikuwa wamekusanyika bandani, mahali pa usalama, wakingoja mshindo ili warudi kula. Walipowaona wanashuka, waliinuka. Bi Karani aliwapanga wawili wawili, akapita katikati yao akihesabu kwa kuwagusa kila mmoja kofia yake ngumu, maana macho yake hayakuwa tena na imani na jambo lolote lisiloshikika. Arobaini na wawili. Akarudia kutoka upande wa pili. Arobaini na wawili.

"Nani hayupo?" aliuliza. "Kila mtu amtazame mwenzake. Nani hayupo?"

Walitazamana. Mchumba alisema ni mtu wa mashine ya kutoboa. Mtu wa mashine akasema niko hapa nyuma yako. Wengine wakataja jina la aliyekuwa mgonjwa tangu Jumatano. Dakika zilikuwa zinakwenda, na chini kule mashimo thelathini yalikuwa yamejaa baruti, na jua la mchana likiwaka juu yake.

Dada wa Mizani, mlinzi wa lango la chini, mwanamke asiyeweza kukaa bila mzaha hata msibani, alivuta kanga begani.

"Mimi nashangaa kitu kimoja tu," alisema. "Mbona leo humu bandani tunasikilizana?"

Hakuna aliyecheka. Bi Karani aligeuka kutazama njia ya shimoni.

"Radi," alisema.

Fundi Baruti alikuwa amekwisha kugeuka. Hakumtuma mtu. Mwenye baruti ndiye anayeshuka. Hilo halikuwa limeandikwa popote, nalo halikuwahi kuvunjwa. Walimwona akiteremka ngazi za mwamba, mgongo umenyooka, akipita kando ya mashimo yale yaliyojaa, kisha kona ikamla.

Bi Karani alisimama ukingoni, mguu mmoja mtupu. Hakuomba kwa maneno. Alihesabu. Alikuwa amefika mia mbili na sita, akiwaza jinsi atakavyompigia mumewe, dereva wa masafa, huko barabarani alipo, na ataianzaje sentensi, waliposikia sauti.

"SASA KUNA NINI? NILIKUWA NIMEBAKIZA BOLTI MOJA!"

Radi alitokea kwenye kona, mikono imejaa grisi hadi viwiko, spana begani, akimfuata Fundi Baruti kama mtoto aliyetolewa mchezoni. Alipofika juu na kuona watu arobaini na wawili wamemkodolea macho, alisimama.

"Mbona mnanitazama kama bibi harusi? Chakula kimekwisha?"

Fundi Baruti alimwelekeza kwa ishara: waya, kisanduku, vidole vitatu kwa ving'ora vitatu. Kisha akaonyesha kishikwambi, na akapitisha kiganja hewani kama mtu anayefuta chaki. Radi alielewa polepole. Spana aliiweka chini. Alimtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue alisema kwa sauti ya chini, hivi kwamba waliokuwa nyuma walilazimika kuulizana kasema nini.

"Shemeji. Nilikuambia ulisafishe."

"Uliniambia," alisema Bi Karani, akiyachonga maneno kwa midomo ili ayasome. "Na mwingine aliniambia. Nikajiona najua zaidi."

Ubao ulitolewa nyuma ya mlango, ukagongomewa tena kwa misumari mipya. Lango la chini lilifungwa. Saa tisa alasiri, ndoana zote sitini zikiwa tupu, Fundi Baruti alihesabu thelathini na mwamba ukaanguka.

Jumamosi Bi Karani alifika darasani wa kwanza. Alimweleza Mwalimu yote, bila kujipunguzia. Mzee hakumkaripia. Alingoja wanafunzi wote waketi, akamwomba afungue daftari lake la mazoezi na kuusoma kwa sauti ule mstari aliopigia rula. Aliusoma. Wale vijana, ambao wangeweza kucheka, waliyatazama madaftari yao wenyewe.

"Mdharau mwiba mguu huota tende," alisema Mwalimu. "Sasa lete simu zote mbili."

Walifanya kazi hadi adhuhuri. Kila simu ilipewa alama yake, nayo ikawa inaitanguliza mbele ya kila nambari, hivi kwamba wa nne wa juu na wa nne wa chini wasiweze kufanana hata simu zisipoonana mwaka mzima. Kisha Mwalimu akamfundisha jambo la pili, alilolihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza: kwamba kishikwambi kisiruhusiwe kamwe kufuta jina kwa jina. Mistari miwili ikigombea nafasi moja, kioo kiwe chekundu, kikatae kutoa jumla, mpaka mtu aje aamue.

"Daftari lisilo na haya," alisema Mwalimu akifunga mkoba, "lazima wewe ulitie haya."

Jumatatu asubuhi meneja alimkuta kwenye tangi la maji, dumu la lita ishirini kila mkono.

"Bi Karani, wewe ni mtu wa ofisi. Na huyo mtu yu hai. Liache hili."

"Sheria ilisema yeyote," alijibu. "Haikusema yeyote asiye na kiti." Akapita.

Toka tangini hadi bandani ni hatua mia tatu na kumi. Siku ya kwanza walimwonea haya, wakanywa huku wametazama pembeni. Siku ya pili Mchumba alimpa pole ya mtu aliyekwisha kupita njia hiyo, akamshauri kuhusu viatu. Siku ya tatu haya iliwaisha, na mambo yakawa kama yanavyopaswa kuwa.

"Bi Karani, haya maji yameoanishwa?"

"Kunywa, uone kama utafutika."

"Mimi namba nne, nipe vikombe viwili!"

Viganja vilimchubuka, vikatunga malengelenge, vikakauka. Fundi Baruti hakumsaidia hata hatua moja, wala hakumruhusu mtu kumsaidia. Lakini kila alasiri mishikio ya madumu yale ilikutwa imezungushiwa kitambaa kipya, na hakuna aliyesema ni nani anayeizungushia. Ubaoni, chini ya ndoana ya sitini, jina lake lilikaa kwa mwandiko wa mjomba wake, herufi kubwa zilizosimama wima. Kando ya ubao, kila mlinzi akiwa na simu yake, programu mpya ilikuwa ikijaribiwa, na safari hii hakuna aliyezungumzia kuushusha ubao. Lango la chini lilipofunguliwa tena, lilipata ubao wake wa pili, nusu ya ule, na ndoana zake zikaanzia sitini na moja.

Siku ya saba alibeba dumu la mwisho saa kumi jioni. Radi alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, amebakia makusudi, kikombe mkononi. Alimmiminia. Akanywa taratibu, hadi tone la mwisho, akakipindua kikombe juu ya benchi.

"YAMETOSHA, SHEMEJI," alinguruma, na kunguru wakaruka kwenye paa.

Fundi Baruti, aliyekuwa akingoja langoni na kofia yake mkononi, aliinua kiganja, akalifuta lile jina chini ya ndoana ya sitini, akajipangusa chaki kwenye suruali, akaenda zake nyumbani.